Saa Nne za Ndege Hazikuifupisha Njia ya Makka

Siku hizi mtu wa Pwani akitangaza kuwa ametia nia ya kuhiji, swali la kwanza analoulizwa na jirani zake ni hili: ndege yachukua saa ngapi? Akijibu kuwa ni saa tatu na nusu au nne kutoka hapa hadi Jeddah, wote huridhika, na mazungumzo hugeukia bei ya tikiti na uzito wa mizigo. Ni nadra kumsikia anayeuliza kama mwenye safari amelipa madeni yake, amewaachia nini watoto wake, au amejifunza kwa nani namna ya kutufu na kusai.

Mimi sina ugomvi na ndege. Waama, ni neema kubwa, na huko mbele nitaisifu. Ugomvi wangu ni na hesabu. Wazee wetu waliipima safari kwa vipimo vitatu: masafa, majira na matayarisho. Sisi tumebakiwa na kimoja tu, nacho ni saa ya mkononi. Kipimo hicho peke yake kinatupunja, na katika jambo la ibada kupunjika huko kuna gharama yake.

MSTARI MMOJA KUTOKA KISIWANI

Hebu tuanze na masafa, maana hapo ndipo ujinga wetu ulipozidi. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa Ikweta. Makka iko karibu digrii 21 na nusu kaskazini. Lakini zitazame zile longitudo, mistari inayotoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, utastaajabu: Mombasa iko kwenye 39.7 mashariki, na Makka kwenye 39.8. Tofauti haifiki hata robo ya digrii. Kwa lugha nyepesi, Makka iko juu yetu sawasawa. Mtu akisimama Mombasa akaelekea kaskazini kamili, atakuwa ameielekea Kaaba, na atakuwa amekosea kwa chini ya nusu ya digrii.

Fuata mstari huo kwa kidole kwenye ramani. Utapita Garissa, utaingia Habasha, utapita karibu na Dessie na Mekelle, utatokea Eritrea kwenye bandari ya Massawa, kisha utakata Bahari ya Shamu. Miji yote hiyo minne iko kwenye longitudo ya 39 kama Mombasa. Kwa mstari ulionyooka, Makka ni kilomita kama 2,820 kutoka hapa, na uwanja wa ndege wa Jeddah ni kama 2,850.

Kaskazini ya Mekelle, si mbali na mstari huo, kuna kijiji kiitwacho Negash. Mwaka 615, Waislamu wa mwanzo walipozidiwa na mateso ya Makureshi, baadhi yao walivuka Bahari ya Shamu wakaja Habasha kwa mfalme Najashi, miongoni mwao Jaafar bin Abi Talib. Waislamu wa Habasha wamepokea kwa wazee wao kuwa kundi la wahajiri hao lilikaa Negash na kuzikwa hapo. Msikiti wa kijiji hicho uliharibiwa kwa mizinga katika vita vya Tigray mwishoni mwa mwaka 2020. Ni wangapi katika mahujaji wetu wanaojua kuwa njia yao ya moja kwa moja yapita jirani na mahali hapo? Ndege yakimbia, kiza kimeingia, na dirisha limefungwa.

Wazee wetu hawakuwa na ramani hizi, lakini mstari wenyewe waliujua. Katika lugha yao kibla ni kaskazini, na suheli ni kusini, kwa ile nyota ya Suheli ionekanayo upande huo. Mtu aliweza kukwambia kuwa mlango wa nyumba yake uko upande wa kibla, nawe ukajua hasa wapi pa kubisha. Makaburi yetu hulala baina ya mashariki na magharibi, ili maiti aelekezwe kaskazini. Leo kijana anatoa simu mfukoni kutafuta kibla, na hapo hapo hawezi kukuonyesha kaskazini iko wapi. Jambo moja limegeuka mawili, na yote mawili yamempotea.

Jingine kubwa zaidi ni la wakati. Maadamu miji hii miwili iko kwenye mstari mmoja, jua hupinduka Mombasa na Makka karibu kwa pamoja. Hazizidiani hata dakika moja. Adhuhuri yetu ni adhuhuri ya Haram, mwaka mzima. Zinazohitilafiana ni nyakati kama magharibi na alfajiri: mwezi wa Juni jua la Makka huchwa kama dakika 45 baada ya letu, na mwezi wa Desemba huchwa kabla ya letu kwa kadiri hiyo hiyo. Anayekwenda London au New York hulazimika kurekebisha saa yake. Hujaji wa Mombasa haigusi.

PEPO MBILI NA MFUNGO TATU

Kipimo cha pili ni majira. Ndege hukata mstari ule ulionyooka au karibu yake. Jahazi halikuweza. Lilipaswa kufuata pwani ya Somalia hadi Ras Asir, likate kushoto kuingia Ghuba ya Aden, lipenye Bab el-Mandeb, ule mlango wa maombolezo, kisha lipande Bahari ya Shamu. Mzunguko huo unazidi maili 2,000 za bahari, na kila kipande chake kina upepo wake.

Kwenda kaskazini kulihitaji kusi. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili. Juni na Julai huwa kali hata bahari ikafungwa. Ikifika demani hupoa tena, na vyombo vikaweza kutweka. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi ni kaskazi, nayo humrudisha nyuma anayetaka kwenda Arabuni. Hata aliyefika Bab el-Mandeb salama hakuwa amemaliza kazi, kwani sehemu ya juu ya Bahari ya Shamu upepo wake huvuma kutoka kaskazini takriban mwaka mzima, ukimpiga usoni anayepanda.

Sasa tia akilini jambo hili. Pepo hufuata mwaka wa jua, ilhali hija hufuata mwezi. Mfungo tatu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na katika miaka kama 33 huzunguka majira yote. Hija ikiangukia Julai, mtu aliweza kuondoka na kusi ya Aprili au Mei. Lakini ikiangukia Machi, kaskazi imeziba njia, basi hapana budi aliondoka tangu demani ya mwaka uliopita, nusu mwaka kabla ya siku ya Arafa. Mahujaji wa zama tofauti walifanya safari tofauti kabisa, japo bandari ya kutokea ni moja na mji wa kufikia ni mmoja.

Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mnamo 1331, alieleza kuwa kutoka Zeila hadi Mogadishu peke yake chombo kilitumia siku 15. Mombasa alilala usiku mmoja, akawashuhudia wenyeji wake kuwa ni watu wa dini wanaofuata madhehebu ya Shafi. Baadaye meli za moshi zilipunguza shari ya upepo, zikaleta shari nyingine: tangu mwaka 1882 mahujaji waliotoka upande wa Bahari ya Hindi walishushwa kisiwa cha Kamaran, kwenye Bahari ya Shamu, wakawekwa karantini kabla ya kuruhusiwa kufika Jeddah.

Sikusudii kuzililia zama hizo. Bahari ilimeza watu, na wengi walioaga hawakurudi. Ninachotaka kionekane ni kuwa ule urefu wa njia ulikuwa na kazi. Aliyesubiri upepo miezi mitatu katika bandari ya ugenini alipata muda wa kusoma, wa kusameheana na wenziwe, na wa kuifikiria nafsi yake. Wahenga walinena kuwa msafiri maskini ajapokuwa sultani. Sultani huyo alivuliwa usultani wake bandari baada ya bandari, hata alipovaa ihramu hakuwa na la kuvua tena isipokuwa nguo.

MAILI HAZIJALI SAA

Yamkini msomaji atasema: dunia imebadilika, na masafa yasiyochosha si masafa tena. Hoja hii ni ya kale kuliko ndege, nayo ilijibiwa zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaj ambacho ni nguzo ya fiqhi ya Shafi, alipoeleza safari inayomruhusu mtu kupunguza sala, aliigusa nayo bahari. Alihukumu kuwa bahari ni sawa na nchi kavu, na kwamba anayezikata maili zilizowekwa kwa muda wa saa moja tu, basi yeye ni msafiri kama wasafiri wengine.

Itazame hukumu hiyo vizuri. Karne nyingi kabla ya injini yoyote kubuniwa, mwanachuoni alikwisha kuwaza chombo kiendacho mbio kupita desturi, akaamua kuwa mbio zake hazibadilishi kitu. Kinachohesabiwa ni masafa. Kipimo chenyewe katika madhehebu yetu ni marhala mbili, mwendo wa siku mbili wa wanyama waliobeba mizigo, nao ni maili 48 za kale. Wanachuoni wa leo huzigeuza kuwa kilomita 80 na kitu, na wengine hukaribia 90. Ndiyo maana anayetoka Mombasa kwenda Malindi, kilomita kama 120, ni msafiri hata akifika kwa saa mbili, na anayekwenda Kilifi siye hata kama gari lake limeharibika njiani akashinda kutwa nzima juani. Ndege ikishika kasi ya kilomita 850 kwa saa huyamaliza masafa hayo kwa dakika sita.

Basi sheria yenyewe inatufundisha kuwa uchache wa saa haukuondoa safari. Aliye angani baina ya Mombasa na Jeddah ana ruhusa zote za msafiri, na ana wajibu wote wa msafiri. Watu wetu wameshika nusu ya kwanza ya maneno haya kwa mikono miwili. Nusu ya pili wameiacha uwanjani pamoja na mizigo iliyozidi uzito.

MIKATI ISIYONGOJA

Mahali palipo na hatari hasa ni kwenye mikati. Yalamlam, iliyo kusini mwa Makka, iliwekwa kuwa mikati ya watu wa Yemen na ya kila apitaye upande huo. Hujaji wa ngamia aliiona ikimjia tangu asubuhi. Alishuka, akakoga, akavaa, akasali, akanuia. Hujaji wa ndege anakwenda kilomita 14 kila dakika. Akisinzia kidogo, akiingia msalani na kukuta foleni, au akingojea chai iondolewe, tayari amekwisha kupita mkabala wa mikati bila ya ihramu, na anayepita hivyo hali anakusudia hija au umra hulazimika kurudi, au achinje.

Wapo wanazuoni walioona kuwa anayekuja kwa ndege yafaa ahirimie Jeddah. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Amman mwaka 1986 liliamua kuwa abiria wa ndege na wa meli wahirimie wanapokuwa mkabala na mikati. Kwa hivyo mwenye hadhari huvaa nguo zake mbili kabla ya kupanda ndege, na hungojea nia tu. Hili ni jambo la kujifunza nyumbani kwa utulivu. Ni kichekesho cha kuhuzunisha kuwaona watu wazima wakifunzwa talbia kwenye foleni ya pasipoti, huku kiongozi wa msafara akihesabu vichwa na simu iko sikioni.

NJIA YA MZUNGUKO

Kisha tuulize: hizo saa nne zenyewe ziko wapi? Ni saa za chombo kinachotoka hapa moja kwa moja. Mahujaji wengi wa Pwani hupanda kwanza Nairobi. Treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hutumia saa kama tano kutoka Miritini. Basi hutumia zaidi. Kutoka Nairobi hadi Jeddah ni kilomita kama 2,560, nazo ni saa nne hivi. Kwa maneno mengine, mtu hutumia saa nyingi zaidi kufika Nairobi kuliko kutoka Nairobi hadi kwenye lango la Makka. Hapo hatujatia saa za kungojea uwanjani.

Wengine, kwa ajili ya bei au nafasi, hupelekwa Dubai kwanza. Kwa njia hiyo masafa huzidi kilomita 5,000, karibu mara mbili ya mstari wetu. Mtu huipita kibla, kisha akageuka kuirudia. Anayepitia Addis Ababa angalau hakupotea, kwani mji huo nao hauko mbali na mstari ule, takriban katikati ya njia.

Fuqaha waliwahi kuijadili njia ndefu na njia fupi. Walisema anayeiacha njia fupi isiyofika kiwango cha safari, akashika ndefu bila ya sababu kama usalama au wepesi, hapati ruhusa ya kupunguza sala. Hujaji wetu hapatwi na hukumu hiyo, kwa kuwa njia zake zote ni ndefu. Lakini funzo lake linatufaa: mzunguko wapaswa uwe na maana. Mombasa ina uwanja wa kimataifa ambao tangu mwisho wa miaka ya 1970 umekuwa ukipokea ndege kubwa kutoka Ulaya. Watalii wameteremka hapa kutoka mbali mara mbili ya Jeddah. Sioni kwa nini katika miezi ya mfungo pili na mfungo tatu mzee wa Kisauni au bibi wa Likoni asiagwe na wanawe hapa hapa, akapanda mara moja na akashuka mara moja. Viongozi wa misikiti, mawakala wa hija na wakubwa wa usafiri wa anga wakae pamoja walidai na kulipanga jambo hili kila mwaka, mpaka liwe ada.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Nimekwisha kusikia nitakavyojibiwa. Ndege imewafikisha Makka wazee na wagonjwa ambao jahazi lingewaua. Imemwezesha mama mwenye watoto wadogo kwenda na kurudi kabla hawajamsahau sura. Imemwezesha mfanyakazi kuhiji kwa likizo yake bila ya kupoteza kazi. Yote haya ni kweli, wala sitaki hata moja lirudi nyuma. Isitoshe, dini yetu haikumpa mtu thawabu kwa kujitesa makusudi.

Lakini tazama vizuri ni kipi kilichofupishwa. Bahari imefupishwa. Jangwa limefupishwa; tangu mwaka 2018 kuna hata treni ya kasi ya kutoka Jeddah hadi Makka. Hija yenyewe haikufupishwa hata kwa hatua moja. Tawafu ni mizunguko saba, na baina ya Safa na Marwa ni mara saba. Kutoka Arafa kwenda Muzdalifa ni kilomita zisizozidi kumi au hivi, na usiku ule basi laweza kutumia saa kadhaa kuzimaliza. Aliyezoeshwa kuamini kuwa safari yake ni ya saa nne hufika hapo akavunjika moyo, akagombana na dereva, akamtukana jirani, na hija imekataza magomvi kwa jina lake.

Wala umbali wa leo hauko kwenye maili peke yake. Tangu mwaka 1988 kila nchi hupewa mgao wa mahujaji, mmoja kwa kila Waislamu 1,000. Kwa mvuvi wa Vanga au mkulima wa Mpeketoni, Makka ni mbali kwa kadiri ya shilingi anazodunduiza na jina lake linavyongoja. Kumwambia kuwa ni saa nne tu ni kama kumwonyesha mwenye njaa moshi wa jiko la jirani.

TUFANYEJE?

Rai yangu ni hii. Zile siku ambazo ndege imetuokolea tusizitupe. Ikiwa babu alitumia miezi mitatu njiani, mjukuu atenge angalau miezi mitatu nyumbani kabla ya kuondoka. Mwezi wa kwanza uwe wa haki za watu: madeni, amana, radhi za wazazi na wasia. Wa pili uwe wa kusoma kwa mwalimu, ana kwa ana, nguzo za hija na wajibu wake, na hasa habari ya mikati. Wa tatu uwe wa kuuzoesha mwili kutembea na ulimi kunyamaza. Viongozi wa misafara nao wasikubali kupokea fedha za mtu halafu wakaonana naye mara ya pili uwanjani.

Na madrasa zetu zifanye jambo moja jepesi lisilo na gharama. Kila mwaka, tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tena tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, jua husimama juu ya Kaaba sawasawa. Katika mwaka mrefu siku hizo hutangulia kwa siku moja. Mwalimu awatoe watoto uwanjani, asimamishe fimbo iliyonyooka. Kivuli cha fimbo hiyo kitalala kusini, na upande wa pili wake ndio Makka. Hapo watoto wataona kwa macho yao kuwa jua lililo juu ya Nyumba ile ndilo linalowaangazia wao, kwa mstari mmoja na adhuhuri moja.

Mtoto aliyeifahamu njia kwa namna hiyo, siku akijaaliwa kupanda ndege, atajua anapita wapi, atajua mikati yake, na hatauliza zimebaki saa ngapi. Safari ni hatua, nayo huanzia nyumbani.